Mwamba Ngoma na Ngozi Yake: Kuisoma Tawasifu ya James Ruse, Mfungwa Aliyegeuka Mkulima

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sijui methali nyingine inayofaa zaidi kufungulia somo la tawasifu. Anayesimulia maisha yake mwenyewe ndiye mwamba ngoma. Ngozi ni mambo yaliyotendeka. Kila anapoivuta ngozi hiyo upande wake, upande wa pili hubaki wazi. Kazi ya mhakiki si kumnyang'anya mwamba ngoma ngozi yake, bali ni kumwonyesha msomaji ule upande ulioachwa wazi.

Makala haya yanahakiki tawasifu fupi ajabu. Haikuandikwa kitabuni bali ilichongwa kwenye jiwe la kaburi katika mji wa Campbelltown, karibu na Sydney, nchini Australia. Mwenyewe ni James Ruse, Mwingereza aliyehukumiwa kwa wizi, akasafirishwa ng'ambo kama mfungwa, kisha akawa mfungwa wa kwanza kupewa ardhi ya kulima katika koloni la New South Wales. Alifariki mwaka wa 1837. Inaaminika kwamba sehemu ya maandishi ya jiwe hilo aliichonga kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kufa.

Huenda ukauliza, mwalimu mwenzangu, mfungwa huyu wa zamani anatuhusu nini sisi tunaofundisha fasihi ya Kiswahili? Nitajibu kwa kisa cha darasani. Mwaka mmoja nilipokuwa nikifundisha wasifu na tawasifu katika Kidato cha Tatu, nilichoshwa na mifano ile ile ya vitabu vya kiada. Nikawasimulia wanafunzi maisha ya Ruse, kisha nikawataka waandike sifa zake kama mhusika. Nilipata nilichotarajia: ni mwenye bidii, ni mvumilivu, ana matumaini, anampenda mamake. Nilikuwa tayari kugawa alama. Ndipo msichana mmoja wa viti vya nyuma, ambaye babake alikuwa amezungushwa mahakamani miaka mingi kwa ajili ya kipande cha shamba, akainua mkono na kuniuliza: "Mwalimu, huyo gavana aliyempa shamba, yeye alipewa na nani?"

Kengele iliniokoa. Hata hivyo, swali lile halikunitoka. Halikuwamo katika mwongozo wangu wa kusahihisha, nalo ndilo lililokuwa swali la pekee la kihakiki lililoulizwa siku hiyo. Makala haya ni jibu langu lililochelewa. Hoja yangu ni kwamba sifa walizoandika wanafunzi wangu ni za kweli, na swali la msichana yule ni la kweli vilevile. Mhakiki asiyeweza kuyashika yote mawili kwa pamoja bado hajaisoma tawasifu ya Ruse.

Maisha yake kwa muhtasari

Ruse alizaliwa mwaka wa 1759 huko Launceston, katika jimbo la Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, akakulia katika kazi ya shamba. Mwaka wa 1782 alishtakiwa mjini Bodmin kwa kuvunja nyumba na kuiba saa mbili za fedha. Hukumu ilikuwa kifo. Baadaye ilipunguzwa ikawa miaka saba ya kupelekwa ng'ambo, na mahali palipotajwa palikuwa Afrika. Uingereza ilikuwa imepoteza makoloni yake ya Marekani yaliyozoea kupokea wafungwa wake, na ilikuwa ikitafuta jalala jipya la kuwatupa. Afrika ilikuwa mojawapo ya majalala yaliyofikiriwa.

Ruse hakuletwa Afrika. Alifungwa karibu miaka mitano katika Dunkirk, merikebu kuukuu iliyogeuzwa jela huko Plymouth. Mwaka wa 1787 akapakiwa katika meli iliyoitwa Scarborough, mojawapo ya meli 11 za msafara wa kwanza, uliofika Australia Januari 1788 chini ya Gavana Arthur Phillip. Kati ya mwaka huo na 1868, wafungwa wapatao 160,000 walipelekwa katika makoloni ya Australia.

Koloni lile lilianza kwa njaa. Mazao ya kwanza yaliharibika, na chakula cha ghalani kikagawanywa kwa kipimo kilichozidi kupungua. Katikati ya mwaka wa 1789, wafungwa kadhaa walidai kwamba vifungo vyao vimekwisha. Phillip hakuweza kuthibitisha, kwa kuwa karatasi za hukumu zao zilikuwa zimeachwa Uingereza. Ruse alikuwa miongoni mwa waliodai uhuru, lakini yeye aliongeza ombi: apewe ardhi alime. Novemba mwaka huo gavana alimweka karibu na Parramatta, akampa ekari moja na nusu iliyokwisha kufyekwa, kibanda, zana, mbegu, nguruwe majike wawili na kuku sita. Phillip alitaka kujua mtu mmoja angechukua muda gani kujilisha bila kutegemea ghala la serikali. Ndiyo maana shamba lile likaja kuitwa Shamba la Majaribio.

Februari 1791 Ruse alitangaza kwamba haihitaji tena posho ya serikali. Akapewa hati ya ekari 30, hati ya kwanza ya ardhi katika koloni hilo. Ukiishia hapo, una hadithi tamu ya mwizi aliyetubu na kufanikiwa. Maisha hayakuishia hapo. Mwaka wa 1793 Ruse aliliuza shamba lile kwa daktari John Harris kwa pauni 40. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa walowezi wa kwanza kuhamia kingo za mto Hawkesbury, penye udongo wenye rutuba na mafuriko ya mara kwa mara. Madeni yakamwandama. Alipata ardhi nyingine baadaye, lakini mwaka wa 1828 mkulima huyu mashuhuri alikuwa nyapara katika shamba la mtu mwingine. Alifariki akiwa na umri wa miaka 70 na ushei.

Matini mbili za maisha mamoja

Tuna bahati kwamba Ruse alijieleza mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka wa 1790, shambani mwake, alipozungumza na afisa wa jeshi aitwaye Watkin Tench. Tench aliyanakili maelezo yake na kuyachapisha London mwaka wa 1793 katika kitabu chake kuhusu makao ya Port Jackson. Mara ya pili ni jiwe la kaburi. Kati ya matini hizi mbili kuna takriban miaka 47. Kuzilinganisha ni zoezi ambalo mwalimu yeyote anaweza kulifanya na darasa lake.

Katika matini ya kwanza, nafsineni ni mkulima, tena mkulima hasa. Anaeleza alivyochoma magogo na kuchanganya majivu na udongo; alivyolima kipande kidogo tu kila siku ili kazi iwe safi; alivyofukia nyasi na magugu, akauacha udongo upigwe na jua na hewa, kisha akaugeuza upya kabla ya kupanda. Anapanga kufukia mabua na takataka mashimoni ili zioze ziwe mbolea. Anasema wazi kwamba udongo wake ni wa wastani tu, na kwamba bila samadi ya ng'ombe hautafika mbali. Hajisifu kupita kiasi. Anazungumza kama wakulima tunaowajua, wale ambao ukiwauliza habari za shamba hukutajia kwanza lililoharibika.

Matini hii ina watu. Yumo mkewe, Elizabeth Perry, mfungwa mwenzake aliyefika mwaka wa 1790 na kuolewa mwaka huo huo. Ruse anamsifu kuwa mchapakazi na ndiye msaidizi wake wa pekee wakati huo. Yumo mfungwa aliyepewa na gavana amsaidie, kisha akaondolewa. Limo shamba la serikali, ambalo Ruse analikejeli kwamba limekwaruzwa tu badala ya kulimwa. Wamo pia wezi. Ruse analalamika kwamba wafungwa wenzake humwibia karibu kila usiku licha ya kukesha kwake. Tazama kinaya hicho, msomaji! Aliyevunja nyumba ya mwenziwe Cornwall sasa anakesha akililinda hindi lake. Mwandishi wa riwaya angetafuta kinaya cha namna hii kwa muda mrefu. Maisha yameitoa bure.

Matini ya pili, ile ya jiweni, ni mistari michache yenye vina. Yaliyomo ni haya: kwamba mamake alimlea kwa upole na kutaabika naye, kwamba alipofika katika koloni hili alipanda nafaka ya kwanza, na kwamba sasa anatumaini kukaa milele na Baba yake wa mbinguni. Mama, mbegu, Mungu. Mwanzo, kati na mwisho. Kwa upande wa muundo, ni msuko uliokamilika.

Hebu sasa tuhesabu waliopotea njiani kati ya mwaka wa 1790 na 1837. Katika mistari hiyo mke hayumo. Msaidizi hayumo. Shamba la serikali halimo. Saa mbili za fedha hazimo, wala jela ya merikebu, wala pauni 40, wala madeni. Ngozi imevutwa upande mmoja mpaka ikalia.

Hijai ya jiwe

Kabla ya kumhukumu mchongaji, tuyatazame maandishi yake. Jiwe lile limejaa makosa ya hijai. Maneno yameandikwa kama yalivyotamkwa mdomoni. Neno lenye maana ya koloni linaendelezwa vibaya, na pale ambapo kwa Kiingereza palihitajika neno la "kwanza", herufi zimepotoka.

Sisi walimu tuna kalamu nyekundu, na mkono hututetemeka tuonapo kosa. Jiwe la Ruse lingeletwa katika chumba cha kusahihishia, lingepoteza alama za lugha upesi sana. Hata hivyo naomba tuiweke kalamu chini kwa muda. Makosa yale ndiyo yanayotuthibitishia kwamba msemaji ni yeye. Habari nyingi za wafungwa wa zama zile zimetufikia kupitia kwa mahakimu, manahodha na magavana, watu waliojua kuandika sawasawa. Hata maneno ya Ruse ya mwaka wa 1790 yametufikia kwa hijai safi ya Tench. Jiweni tu ndipo tunapomsikia bila karani. Mtu aliyewahi kuandikwa na wengine, kwanza katika daftari la mahakama, kisha katika orodha ya meli, kisha katika orodha ya posho, hatimaye anajiandika mwenyewe, na anajiandika kwenye kitu kisichofutika kwa urahisi.

Kwa hiyo fani inatufunza kumheshimu. Heshima hiyo isitufanye tuache kuuliza maswali.

Kufika na kufikishwa

Kiswahili kina utajiri wa kauli za vitenzi unaotusaidia hapa. Mtu anaweza kufika, kufikishwa, kuletwa au kupelekwa. Katika kutenda, nafsi ndiyo yenye nguvu. Katika kutendwa, nguvu iko kwa mwingine. Ruse wa kweli alipelekwa: alifungwa, akapakiwa, akashushwa. Ruse wa jiweni anafika. Anatoka mikononi mwa mama moja kwa moja hadi kolonini, kana kwamba alipanda meli kwa nauli yake.

Ni kweli kwamba juu ya mistari ile jiwe linataja kuwa alikuja na msafara wa kwanza, na mtu wa zama zake angejua maana yake. Mistari yenyewe, hata hivyo, imelipita jambo hilo kwa kuruka. Tusimlaumu haraka. Katika jamii ile, doa la ufungwa lilimwandama mtu na hata watoto wake. Kubadilisha kauli kutoka kutendwa hadi kutenda kulikuwa njia yake ya kujifungua pingu. Walimu waliowahi kusoma insha za wanafunzi waliopitia makubwa wanaijua mbinu hii: mtoto huruka mwaka mzima wa maisha yake kwa sentensi moja, nawe unajua kwamba mwaka huo ndio wenye kisa.

"Kwanza"

Neno zito kuliko yote katika tawasifu hii ni "kwanza". Je, Ruse alipanda nafaka ya kwanza? Kwa hesabu ya walowezi wenyewe, hapana. Nafaka ilipandwa mwaka wa 1788 karibu na ghuba ya Sydney, ingawa haikufaulu. Katika shamba la serikali la Rose Hill, pale pale Parramatta, mtumishi wa Phillip aitwaye Henry Dodd alisimamia mavuno ya zaidi ya busheli 200 za ngano mwishoni mwa mwaka wa 1789, wakati Ruse alikuwa ndiyo kwanza anashika jembe lake. Ruse mwenyewe alilijua jambo hili, kwani ndilo shamba alilolikejeli mbele ya Tench.

Basi tuiite chuku? Nadhani tunaweza, tena chuku inayoeleweka. Dodd alilimisha wafungwa waliosukumwa na amri. Ruse alilima kwa hiari, kwenye kipande chake, kwa ajili ya sahani yake. Katika maana hiyo alikuwa wa kwanza: mfungwa wa kwanza kula jasho lake. "Kwanza" yake ni kilio cha mtu aliyeambiwa na mahakama kwamba hafai kuishi.

Maana hiyo ni ya watu waliokuja na meli peke yao. Tukitoka nje ya duara lao, neno lile hubadilika. Shamba la Ruse lilikuwa katika nchi ya Waburramattagal, ukoo wa watu wa Darug. Jina lenyewe Parramatta limetokana na lao, na hufasiriwa kuwa mahali wanapolala mikunga, wale samaki warefu kama nyoka. Nchi yenye jina haikuwa nchi tupu. Zaidi ya hayo, Aprili 1789, miezi saba tu kabla ya Ruse kukabidhiwa jembe, ugonjwa wa ndui ulilipuka katika eneo la Sydney na kuwaua wenyeji wengi mno. Phillip alikadiria kwamba nusu ya waliokuwa karibu walikufa. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko mgeni alikuja, na mwenyeji hakupona.

Huko Hawkesbury, alikohamia Ruse mwaka wa 1794, hali ilikuwa wazi zaidi. Kingo za mto zilikuwa na viazi vikuu vilivyochimbwa na wenyeji kwa ajili ya chakula. Walowezi walipanda mahindi papo hapo. Viazi vilipotoweka, wenyeji walichukua mahindi. Walowezi wakawaita wezi. Na mwaka wa 1795 wanajeshi wakatumwa, watu wakauawa. Mwaka wa 1797 shujaa Pemulwuy aliwaongoza wapiganaji hadi Parramatta yenyewe. Aliuawa mwaka wa 1802.

Sasa rudi kwenye lalamiko la Ruse la mwaka wa 1790 kuhusu kuibiwa kila usiku. Aliwaona wezi waliotoka kwenye vibanda vya wafungwa. Wizi mkubwa zaidi, ule uliompa yeye ardhi, hakuuona, kwa kuwa ulikuwa na muhuri wa serikali. Hiki ndicho kinaya kikuu cha maisha yake. Aliadhibiwa kwa kuchukua saa mbili. Akatuzwa kwa kupokea ekari 30 zilizochukuliwa kwa wengine. Aliyemwadhibu na aliyemtuza ni mmoja: ufalme wa Uingereza.

Aina mbili za ukimya

Hapa ndipo ninapotaka tutofautishe. Matini za Ruse zina ukimya wa aina mbili. Upo ukimya wa kusahau au kuficha: mke, saa, madeni. Vitu hivi vilikuwamo katika maisha au katika maelezo ya awali, kisha vikaachwa. Msomaji akilinganisha matini atavirudisha. Upo pia ukimya wa kutoona kabisa. Waburramattagal hawamo jiweni, na hawamo hata katika maelezo ya kilimo aliyompa Tench. Hawakuondolewa kwenye ngozi ya ngoma, hawakuwahi kuwekwa. Ukimya wa aina hii hauponywi kwa kuisoma matini mara mbili. Huponywa kwa kuleta sauti nyingine kutoka nje ya matini.

Sheria nayo ilishiriki ukimya huo. Kwa zaidi ya karne mbili Australia iliendeshwa kana kwamba ardhi yake haikuwa na mwenyewe kabla ya Waingereza, mpaka Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoikataa dhana hiyo mwaka wa 1992 katika kesi ya Mabo. Sisi Wakenya hatuhitaji kwenda mbali kuielewa. Sheria za ardhi za kikoloni za 1902 na 1915 ziliifanya ardhi ya babu zetu kuwa ya Mfalme huyo huyo, akawagawia walowezi. Tofauti ni kwamba walowezi wetu wengi walikuja na mtaji au vyeo, Ruse akaja na pingu. Hati waliyopewa ilitoka kwenye meza moja.

Hata fasihi kubwa ya Uingereza ilijifunza kunyamaza. Charles Dickens, katika Great Expectations ya mwaka wa 1860 hadi 1861, alimuumba Abel Magwitch, mfungwa aliyepelekwa New South Wales na kutajirika kwa kufuga kondoo. Utajiri wake unafika London, unamsomesha kijana, unaendesha msuko mzima. Malisho ya kondoo wale hatupelekwi kuyaona hata mara moja. Ilimbidi mwandishi wa Australia, Kate Grenville, katika The Secret River ya mwaka wa 2005, ampeleke mhusika wake mfungwa hadi kingo za Hawkesbury na kumwonyesha ana kwa ana na wenye nchi. Ndipo msomaji wa riwaya akaona gharama ya shamba.

Pingamizi

Mwenzangu mmoja katika chumba cha walimu alinipinga. Alisema ni kosa kumpima mtu wa 1790 kwa mizani ya leo, na kwamba Ruse alikuwa maskini asiye na uchaguzi. Pingamizi hilo lina uzito. Ruse hakutunga sera. Hakujiteulia nchi ya kwenda. Baina ya jela ya merikebu na jembe, nani kati yetu asingechagua jembe?

Jibu langu ni kwamba kumhakiki mhusika si kumfunga tena. Tukimfanya Ruse shujaa mtupu, tunamgeuza mhusika bapa. Tukimfanya mnyang'anyi mtupu, tunamgeuza bapa upande wa pili. Ruse ni mhusika duara: aliyedhulumiwa, na aliyenufaika na dhuluma kwa wakati mmoja. Hata lile jina la Shamba la Majaribio linamweleza. Alikuwa mkulima, na alikuwa pia kitu cha kujaribiwa, mfano wa mbegu ile aliyopanda. Serikali ilimtumia kwanza kama taka, kisha kama jembe. Wala jembe halikubaki na shamba. Mwisho wake akawa nyapara wa mali ya wengine. Kwa mtazamo huu, jiwe lile ndiyo ardhi pekee ambayo hakuna aliyeweza kumuuzia wala kumnyang'anya.

Darasani

Napendekeza mambo matatu kwa mwalimu atakayependa kutumia mfano huu. Kwanza, wanafunzi walinganishe matini mbili za mtu mmoja, waorodheshe kilichoongezwa na kilichopunguzwa, kisha waeleze sababu. Pili, waandike upya mistari ya jiwe kwa maneno yao wakibadilisha nafsineni: mara moja aseme Elizabeth Perry, mara moja aseme mwanamke wa Burramattagal aliyechimba viazi vikuu. Wataona wenyewe jinsi neno "kwanza" linavyogoma kukaa mahali pake. Tatu, wanafunzi waandike tawasifu zao kwa mistari minne tu, halafu wamweleze mwenzao walichokiacha. Zoezi hili la tatu lilifanikiwa kwangu kuliko yote, ingawa lahitaji mwalimu mwenye subira na siri.

Wanaofundisha tamthilia ya Kilio cha Haki (1981) ya Alamin Mazrui wanaweza pia kuutumia mfano huu. Tamthilia hiyo inatuzoesha kusikiliza shamba la mlowezi kutoka upande wa wanaolifanyia kazi. Ruse ni nafasi ya kuuliza: nini hutokea pale ambapo mdhulumiwa mwenyewe amepewa shamba?

Hitimisho

Leo James Ruse ana barabara yenye jina lake huko Sydney, na shule ya upili ya kilimo iliyofunguliwa mwaka wa 1959. Bila shaka wanafunzi wa shule hiyo wanafundishwa kwamba alikuwa wa kwanza. Ni haki yao kujua hivyo. Ni haki yao pia kujua mikunga walilala wapi.

Nilimrudia yule msichana wa viti vya nyuma wiki iliyofuata. Nilimwambia kwamba gavana alipewa ardhi na mfalme, na mfalme alijipa mwenyewe. Alitikisa kichwa taratibu, akaandika. Nilipokusanya madaftari nikaona kwamba hakuifuta orodha yake ya sifa: bidii, uvumilivu, matumaini, mapenzi kwa mama. Chini yake alikuwa ameongeza sentensi moja: kwamba Ruse alipanda vizuri katika shamba ambalo hakuuliza lilikuwa la nani. Nilimpa alama zote. Mwongozo wangu wa kusahihisha nimeshaubadilisha.